Nilisaini "sina dai lolote", na bado nikalipwa mshahara wa siku 45

Ndugu, unasema umepunguzwa kazi, Ijumaa ukasaini karatasi yenye maneno "sina dai lolote dhidi ya mwajiri", na sasa unaona hesabu haiingii. Usikate tamaa bado. Mimi yalinikuta Mombasa, kwenye ofisi ya kliaringi (kutoa mizigo bandarini) niliyofanyia kazi miaka 9.

Niliitwa saa kumi jioni. Karatasi iko mezani, cheki imebanwa nyuma yake kwa klipu, nione jina langu tu. Dada wa HR, ofisi ya wafanyakazi, akasema nikitaka kwenda kuisoma nyumbani ni sawa, ila cheki inarudi kwa mhasibu na yeye hajui itatoka tena lini. Nilikuwa nadaiwa karo. Nikasaini.

Usiku ndio nikapiga hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka ukipunguzwa ulipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza, mbali na notisi ya mwezi na likizo ambazo hukwenda. Kwangu ni siku 135. Walinipa 90, eti miaka 3 ya mwanzo nilikuwa kibarua! Afisa wa leba naye, aliyepaswa kuarifiwa mwezi mzima kabla, hakuwa na barua yoyote.

Kuhusu saini: katika kesi ya Thomas De La Rue, 2013, Mahakama ya Rufaa ilisema karatasi kama hiyo peke yake haimvui mwajiri wajibu wake wa kisheria, huangaliwa kama ulisaini kwa hiari, ukijua unachokiacha. Lakini usishangilie mapema. Mwaka 2018, kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyohiyo ilishikilia kwamba mfanyakazi aliyesaini kwa hiari amefungwa na saini yake.

Kwa hiyo tuambie ya Ijumaa yako. Uliitwa saa ngapi? Ulipewa nakala? Nani alikuwepo? Yaandike leo, na usifute meseji hata moja.

Mimi sikufika kortini. Wakili aliandika barua moja, wiki tatu baadaye wakalipa zile siku 45 zilizobaki. Naamini kilichowatisha ni meseji ya yule dada ya mchana: "Njoo usaini leo, kesho hakuna cheki." Una miaka 3 ya kufungua kesi, ila mashahidi wako wataanza kuhama na kubadilisha namba mapema zaidi ya hapo.