Jibu: Joto na baridi za bibi, ushirikina wa Lamu tu?

Ndugu yangu umeuliza kama haya mambo ya bibi, eti mzazi aliyetoka kujifungua asinywe madafu kwa vile yana baridi, apewe tangawizi na pilipili manga zimpashe mwili, ni ushirikina wetu wa Lamu tu. Hapana bana. Hiyo ni elimu ya zamani sana imezunguka dunia, matabibu wa Kigiriki kina Hippocrates na baadaye Galen walisema mwili una vitu vinne, damu, balghamu (makohozi), nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, kila kimoja na joto au baridi yake, kimoja kikizidi ndo unaugua, basi dawa ni kurudisha mizani, wa baridi apewe cha moto. Waarabu na Waajemi wakaichukua, tabibu Ibn Sina aliyefariki 1037 akaipanga vizuri mpaka vyuo vya Ulaya vikamsomesha hadi miaka ya 1600 huko. Kwa hiyo bibi yako na profesa wa Ulaya wa enzi hizo wangeelewana kabisa 😂

Ila usidhani ya kale yote yalikuwa salama. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1799 aliumwa koo, madaktari wake kwa elimu hiyo hiyo ya mizani wakamtoa damu nyingi mno na akafa siku hiyo hiyo. Na kombe je? Ile ni mlango mwingine, aya inaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, inaoshwa, mgonjwa anakunywa, pale anayeombwa ni Mungu, habari ya mizani haimo.

Mtoto akishika homa lakini mpelekeni akapimwe malaria kwanza, tangawizi itangoja.