Maswali ya Wafumaji: Mtande, Kingo na Rangi ya Mkoko

Nimesuka mikeka tangu utotoni. Je, kufuma nguo kutanishinda? (Mama wa Langoni, Lamu)

Hakutakushinda, dada. Kuhesabu bila kupotea ndiyo kazi yenyewe, na vidole vyako vinaijua. Kwenye ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, kila mwaa wa kusukia hutembea. Kwenye kitambaa nyuzi za mtande, zile za urefu, husimama zimekazwa; mshindio, uzi wa kukatiza, peke yake ndio unaokwenda na kurudi. Mwombe seremala fremu ya sentimita 40 kwa 60, yenye misumari juu na chini ya kukazia mtande. Anza juu moja, chini moja. Mkono ukitulia, pita juu mbili, chini mbili, na kila mstari usogee uzi mmoja pembeni. Utaona mshazari ukijichora, ule ule wa mkeka wako.

Kitambaa changu kilianza na upana wa sentimita 50, sasa kimebaki 43. Nakosea wapi? (Kijana wa Malindi)

Unauvuta mshindio, mwanangu. Uzi ule haupiti njia iliyonyooka: hupanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande, kwa hiyo hutaka urefu kuzidi upana wa kitambaa. Ukishaupitisha, usiunyooshe. Uache ulale kama upinde, katikati umeinuka vidole vitatu hivi, ndipo uugonge kwa chanuo. Upinde utashuka wenyewe na kujaza nafasi. Pima upana kila baada ya vidole vinne vya kazi. Hicho ulicho nacho kifumue hadi pale kilipoanza kubana. Najua inauma, lakini kingo zilizoingia ndani hazitengemai kwa kuendelea.

Naweza kuchanganya pamba na uzi wa sweta? (Msomaji wa Mkomani)

Naam, ila uzi wa sweta uweke kwenye mshindio. Mtande hautaki uzi unaonyumbuka. Na usinunue uzi wote kabla ya kujaribu: skafu ya upana wa sentimita 50, nyuzi 5 kila sentimita, ni nyuzi 250, kila moja ikiwa mita 2.5, mtande pekee umekula mita 625. Fuma kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja, kifue, kianike. Nyuzi mbili hazinywei sawasawa, na ni heri ulijue hilo kwenye kiganja.

Magome ya mkoko yanatoa rangi? (Msomaji wa Malindi)

Yanatoa, nyekundu ya kahawia inayopendeza mno. Lakini nakusihi, usibambue mti uliosimama. Utakufa, na samaki na kaa wetu hukulia kwenye mizizi hiyo. Omba magome ya boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali. Chemsha saa moja, chuja, tumbukiza uzi uliolowa, ulaze usiku kucha. Kisha uutie kwenye maji moto yenye shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Manjano ya jikoni hukolea haraka, ila jua huyala.

Ufumaji ni wa kwetu kweli, au ni mambo ya wageni? (Mwanafunzi, Lamu)

Ni wetu. Katika karne ya 16 Pate, kisiwa jirani na Lamu, ilisifika kwa nguo zake za hariri, na Wareno wenyewe walizitaka. Na katika magofu ya miji ya kale ya pwani hii vimeokotwa vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kuzungushia kijiti cha kusokotea uzi. Mtu alivunjikiwa na chungu, akachukua kigae, akakisugua mpaka kikawa duara, akakaa kusokota pamba.