Zima Data Kwanza: Vifaa na Programu Ninavyofundishia TEHAMA Dodoma

Walimu wenzangu huniuliza natumia nini darasani, na natumia nini kuandaa masomo ninayoyaweka mtandaoni. Kila ninachokipendekeza kimepita kwanza kwenye jaribio moja: nazima data, nachomoa waya kwenye soketi, kisha naangalia ni nini bado kinafanya kazi. Programu isiyofunguka bila mtandao inaweza kukufaa ukiwa mjini, pale Area D au jirani na UDOM. Lakini mwalimu wa Chemba au wa vijiji vya ndani Mpwapwa, anayenunua bando kwa hela yake ya mfukoni, itamkwamisha katikati ya kipindi huku wanafunzi wamebanana wanne kwenye kompyuta moja.

Iliyofaulu kuliko zote ni Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, ilitoka mwaka 2017, na imetengenezwa makusudi kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unapakua maudhui mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, unayahamishia kwenye diski ya nje, unayaingiza kwenye kompyuta ya shule, basi. Humo kuna mazoezi ya hisabati ya Khan Academy, majaribio ya sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, na hadithi za African Storybook zikiwemo za Kiswahili. Hayo ya PhET nayapenda mno. Kwenye shule ambayo maabara ya fizikia ni jina tu, mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, anaongeza betri ya pili, anaona balbu inavyozidi kuwaka. Mwonyeshe mwalimu wa fizikia mara moja tu, kesho yake atakuja mwenyewe kuomba kipindi kwenye chumba chako cha kompyuta.

Mimi Kolibri naiendesha kwenye Raspberry Pi 4, kikompyuta kinachoenea kiganjani. Nimekiunganisha na rauta ya kawaida isiyo na laini ya intaneti. Kazi yake ni kusambaza Wi-Fi ndani ya darasa tu. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika namba za anwani ya hiyo Pi, nukta pacha, halafu 8080, na somo linafunguka. Vile vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 navyo vinaunganika bila shida, kwa hiyo usikiache chako kikalala kabatini. Kando ya Kolibri naweka Kiwix, ambayo inabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya faili moja. Kwa swali la "mwalimu, hivi volkano inalipukaje?" huhitaji bando tena.

Kuna mambo mawili kuhusu Raspberry Pi ambayo muuzaji huenda asikuambie. Kwanza, Pi 4 inataka umeme wa volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu tulizo nazo majumbani hazifiki hapo. Ukiunganisha skrini ukaona kialama cha radi juu pembeni, ujue umeme unaoingia hautoshi, na kifaa kitakuwa kizito au kitajizima. Ukienda kununua paua benki usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Soma maandishi madogo karibu na tundu la kutolea umeme, utafute 5V/3A. Ukipata nzuri ya mAh 20,000, umeme ukikatika saa tatu asubuhi wewe unaendelea na vipindi vyako. Pili, izime kwa amri, usichomoe waya. Memori kadi inayobeba mafaili ya Pi ikikatiwa umeme wakati inaandika, mafaili yanaharibika, na kazi yote ya kupakua inaanza upya. Ukishapanga kila kitu kikakaa sawa, nakili kadi nzima kwenye kadi ya pili uitunze.

Kuandika masomo natumia LibreOffice Writer. Ni ya bure, na ina kitu ambacho walimu wengi wa Kiswahili hawajui kama kipo: kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Ichague kwenye mipangilio ya lugha na ile mistari myekundu chini ya kila neno lako inaondoka, inabaki kwenye makosa ya kweli. Ninapoandika na mwenzangu aliye Kondoa natumia Google Docs, ila kwa sharti kwamba tumewasha matumizi ya nje ya mtandao mapema, wakati mtandao bado upo. Zile GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na picha zako, kwa hiyo video za mahafali zitajaza nafasi ya masomo. Video weka kwenye diski.

Kwa kuonyesha simu yako kwenye projekta, chukua scrcpy, programu ya bure inayoleta skrini ya simu kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta. Kebo ya USB inatosha, haihitaji intaneti wala akaunti. Kwenye mipangilio ya simu ya Android, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara saba, kisha ingia kwenye chaguo za wasanidi programu uwashe utatuzi wa USB. Mimi hulaza simu juu ya marundo mawili ya vitabu, kamera ikitazama chini katikati yake, nikaandika kwenye daftari; darasa zima linaona kalamu inavyotembea, hata aliye nyuma kabisa dirishani.

Kabla hujaweka mtandaoni picha ya darasa lako, kumbuka tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Piga picha ya mikono, ya skrini, ya daftari. Sura na majina ya watoto wa watu yaache.

Halafu vumbi. Sisi wa Dodoma kiangazi tunakijua: upepo unaanza, na ikifika mchana kibodi imeshabadilika rangi. Vumbi linaziba feni, kompyuta inachemka, inajizima, na watu wanasema imekufa. Chumba cha kompyuta kipigwe deki, kisifagiliwe. Viatu vibaki mlangoni. Jioni mashine zikishapoa zifunikwe kwa kanga kuukuu, maana nailoni inafungia joto. Ukipuliza vumbi kwa blowa, toa mashine nje, na uishike feni kwa kijiti isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi na upepo huo inaweza kuharibika.

Pesa ikipatikana ya kununua kitu kimoja tu, wala usinunue kompyuta mpya. Nunua SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, uiweke mahali pa diski kuu ya zamani kwenye kompyuta mlizo nazo. Bisibisi ya nyota inatosha kwa mashine nyingi za mezani, na kompyuta iliyokuwa inawaka taratibu hadi robo ya kipindi inaisha, inawaka wanafunzi wakiwa bado wanavuta viti. Hili lina haraka kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za shule zetu hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwangu jibu ni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Iweke kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo bila kugusa kilichomo ndani, ujaribu Wi-Fi, sauti, projekta na printa ya ofisini. Vyote vikikubali, hamisha kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje kwanza, ndipo usakinishe. Anza na mashine mbili wakati wa likizo ya Juni, zitumike muhula mmoja, kisha umpelekee mkuu wa shule bei ya SSD za zilizobaki.