Mmetaka jina, mimi nina sufuria

Mhariri, salaam.

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni kiongozi au mtetezi gani amefanya makubwa kuliko wote kwa shule na watoto wetu? Taja jina moja, utoe sababu." Nimelisoma nikiwa kwenye cherehani, sare za watu zimenirundikia mezani, nikaacha kushona. Lililonichoma ni pale mlipoandika "jina moja".

Barua zitakazowafikia nazijua. Wakubwa zangu watamtaja Mwalimu Nyerere: Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Azimio la Musoma la 1974, kisha UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watoto wa nchi nzima wakaingizwa darasani. Sawa. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE, wale waliokuwa wakichekwa kwamba wamemaliza darasa la saba wakashika chaki, na kusoma najua. Wengine watamtaja Magufuli kwa elimu bila malipo ya Januari 2016 na madawati ya mwaka huo huo, wakuu wa mikoa walipopewa mwisho Juni 30. Nisiseme uongo, madawati yalikuja, mengine yameandikwa jina la aliyeyatoa kwa herufi kubwa kuliko za ubaoni. Wengine watasema Mama Samia, madarasa 15,000 ya zile fedha za UVIKO, "pochi la Mama". Wote wana hoja.

Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye yupo saa nne asubuhi, pale mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka nyumbani bila chai anapoanza kusinzia. Ndiyo maana swali lenu nimeligeuza kidogo, mtanisamehe. Mimi najiuliza saa nne asubuhi yupo nani.

Nitawaeleza nilichokiona kwenye shule moja ya msingi huku kwetu Temeke. Jina la shule naliacha, walimu wenyewe wengine bado wapo.

Kabla ya 2016 tulikuwa na michango. Mlinzi, maji, mtihani wa kila wiki, uji. Wazazi tulilalamika, tulichelewesha, lakini uji ulikuwepo. Ukaja Waraka Namba 5 wa 2015, ule wa elimu bila malipo, michango ikafutwa. Serikali ikaleta ruzuku: 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 ilibaki huko juu kwa ajili ya vitabu, shuleni ilifika 6,000. Pigeni hesabu. Ni mia tano kwa mtoto kwa mwezi, ndiyo chaki hiyo, ndiyo karatasi za mtihani, ndiyo kitasa cha mlango kilichovunjika. Uji haumo. Chakula, sare na madaftari vilibaki kwa mzazi. Lakini mtaani neno lililosikika lilikuwa moja tu, bure, na ukimwambia mtu kuna maelezo zaidi anakuona wewe ndiye mla pesa.

Basi ukaitishwa mkutano wa wazazi chini ya mwarobaini. Viti vya plastiki vya mbele vilikuwa vya Diwani, mtendaji wa kata na mratibu elimu. Sisi tulikaa juu ya matofali na kanga zetu. Mwalimu mkuu alikuwa na waraka ndani ya bahasha ya kaki, anaitoa, anairudisha. Akasema uji umesimama, na watoto wa madarasa ya chini wanaanguka kwenye mstari asubuhi. Baba mmoja mwenye jezi ya Yanga akainuka: "Mwalimu, tumeambiwa bure. Bure ni bure." Makofi. Mwalimu mkuu akajibu kwamba yeye neno mchango hawezi kulitamka, akilitamka leo kesho hana cheo. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo akasimama mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Alikuwa bado na unga wa mchele kwenye viganja. "Samahani Mheshimiwa Diwani, samahani mwalimu. Pesa isipite ofisini. Tupike wenyewe."

Diwani akamuuliza nani atasimamia.

"Sisi."

"Sisi nani, mama?"

"Sisi tunaoamka saa kumi."

Mwenye jezi ya Yanga hakukubali kukaa. "Kwa hiyo mimi nitoe, halafu mtoto wa asiyetoa naye anywe?"

"Anywe. Asiyetoa ndiye mwanawe amekuja na njaa, baba. Wa kwako si ameshakunywa chai?"

Baada ya hapo mkutano haukuwa wa Diwani tena. Tulibishana kuhusu unga: wengine walitaka wa lishe wenye soya na karanga, wengine sembe tu ili pesa itoshe. Sukari ilituchukua nusu saa nzima. Kuna mama alishikilia kwamba watoto hawali uji usio na sukari, mwingine akamjibu kwamba hao hawajawahi kulala njaa. Mkaa au kuni? Mkaa, kwa sababu moshi ungeingia darasani, na vilevile kuni mjini hapa utazitoa wapi. Sufuria kubwa liliazimwa madrasa, lile la pilau la Maulidi, ustadhi akatoa sharti lirudi kabla ya sherehe likiwa limesuguliwa. Mwiko ulitoka kwa akina mama wa jumuiya ndogondogo za kanisani. Mimi nikatoa vitambaa vya kufunikia, vipande vya kaki vilivyobaki kwenye kaptula. Mchango ukawa mia mbili kwa siku kwa anayeweza, na asiyeweza hasomwi jina. Hilo la kutosoma jina yule mama alilisema kama mara tatu, kwa sababu zamani waliokuwa hawajalipa walikuwa wanasimamishwa mstarini.

Lakini sikuwaandikia kwa ajili ya uji. Nimeandika kwa ajili ya kaunta buku, daftari la hesabu za uji. Kila Ijumaa yule mama alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa shule: unga kilo kadhaa, sukari, mkaa, kilichoingia, kilichobaki. Kuna wiki kilibaki shilingi mia saba, akaandika mia saba. Watu wakaanza kuzoea kusoma ule ubao. Na mtu akizoea kusoma hesabu ya uji, haichukui muda atauliza na nyingine. Siku moja mwenye jezi ya Yanga, yeye yule, akauliza mbona ya ruzuku haibandikwi pale pale. Swali la mtu mzima kabisa. Mwalimu mkuu akazunguka, akazunguka, mwezi uliofuata akabandika. Tukaona kumbe kuna miezi pesa ilichelewa na mwalimu alikuwa anakopa chaki dukani. Wengi tuliokuwa tunamsema vibaya tulinyamaza.

Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, mwenye kutaka kuchangia aende kwa mkurugenzi. Mwalimu mkuu akamwita yule mama, akamwomba aondoe sufuria, na alikuwa anaomba kweli, si kuamuru. Kesho yake sufuria lilikuwa uani kwa jirani, upande wa pili wa ukuta. Huku si shule. Saa nne watoto wanatoka getini kwa mstari, wanakunywa, wanarudi. Mtendaji wa kata alikuja kukagua, akakuta watu wanapika uji nyumbani kwao. Kosa la kuandika akalikosa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuishia. Niwaambie jina silitoi, na hilo sufuria liwe jibu.

Sasa naona mkono unasita. Uji ule ulikufa. Yule mama alihamia Chamazi katikati ya muhula kwa sababu mwenye nyumba alipandisha kodi, na ndani ya wiki chache hakukuwa na uji wala karatasi ya Ijumaa. Hatukugombana, hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeamka saa kumi, basi. Waraka ule niliousema kwa kejeli hapo juu haukuhama na mtu. Upo, na kuna watoto wengi mtaani kwangu wasingeandikishwa kabisa bila huo.

Kuna jingine. Katika ile miaka mama mmoja aliniletea sketi ya binti yake wa kidato cha pili nitanue kiuno. Fundi cherehani anajua mambo kabla ya mwalimu wa zamu. Nilitanua, sikuuliza. Ilikuwa baada ya Juni 2017, Rais alikwisha tamka kwamba mwenye mimba harudi shule, na binti hakurudi. Hapo kaunta buku ingefanya nini? Mama wa vitumbua, mimi, mjumbe wa mtaa, wote tungekusanyika chini ya mwarobaini mpaka jioni na mlango ungebaki umefungwa. Ulifunguliwa Novemba 2021, Profesa Ndalichako akiwa waziri wa elimu, na siamini ulifunguliwa kwa huruma ya ghafla. Kuna watu walikuwa wanalisema hilo miaka yote, wakaitwa wanaharakati kwa sauti ile ya kutukana. Mtoto wa yule binti alikuwa ameshaanza kutembea.

Na hao wanaoitwa hivyo hawakuanza juzi. HakiElimu, shirika la kutetea elimu, mwaka 2005 walizuiwa na serikali kuchapisha chochote kuhusu shule, kwa sababu ya kuonyesha madarasa yalivyokuwa. Ninachokumbuka pia ni kwamba yule mama wa vitumbua alikuwa na kijitabu kuhusu kazi za kamati ya shule, jalada limeng'oka, hata shirika lililokichapa halionekani. Alikuwa anakisoma akisubiri vitumbua viive. Sasa ile karatasi ya Ijumaa ilitoka kichwani kwake au kwenye kijitabu? Sikuwahi kumuuliza.

Haya. Mkinibana niandike jina, andikeni Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana. Alipeleka Mahakama Kuu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vilivyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi wakati mvulana anasubiri 18, na hata wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 akashinda tena Mahakama ya Rufani. Nimemchagua kwa sababu hukumu haihami Chamazi.

Ila nina masharti. Kwanza, simjui, sijawahi kukutana naye, nawaambia nilichokifuata redioni na magazetini. Pili, serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria na miaka mingi ikapita, kwa hiyo msiniandikie kwamba amemaliza. Hakuna anayeweza kumaliza peke yake, Bunge likikaa kimya limekaa kimya. Tatu, binti aliyenusurika kuolewa bado atakaa darasani, na saa nne asubuhi itafika. Hukumu hainywewi. Kama mngekuwa mmeruhusu majina mawili ningeweka la pili, lakini la yule mama silitoi hata hivyo, hajaniruhusu, na akijua nimemwandika gazetini atanisema msibani mbele za watu.

Mkiwa na nafasi ndogo, punguzeni pale kwenye sukari. Ya kaunta buku msiiguse.

Fundi cherehani, Mbagala