Gari limekosa nguvu: ni tabo au sensa yake?

SWALI: Gari langu la dizeli linashindwa mlima na taa ya injini imewaka. Mashine ya kupima hitilafu imesoma kodi (namba ya hitilafu) P0238, na fundi anataka kubadilisha tabo nzima, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. P0238 kwa kawaida maana yake ni kwamba volti inayotoka kwenye sensa ya presha ya tabo iko juu mno; haisemi tabo imekufa. Washa swichi bila kuwasha injini, usome presha kwenye mashine. Usawa wa bahari iwe karibu kilopaskali 100, kwenye miinuko pungufu. Ikionyesha 250 injini ikiwa imezimwa, sensa au waya wake unadanganya.

Chomoa soketi, upime kwa multimita: tundu moja liwe na volti 5, jingine liwe na ethi (waya hasi) safi. Wengi hukosea hapa, wananunua sensa mpya kumbe waya wa signali, unaopeleka kipimo cha sensa, umechunika na kugusana na ule wa volti 5. Itoe na sensa yenyewe. Tundu lake likiwa limezibwa na masizi yenye oili, lipulizie dawa ya kusafishia sensa, wala usilichokoe kwa sindano.

Namba zikiwa sahihi injini ikiwa imezimwa, ndipo uangalie mkono unaodhibiti presha ya tabo. Huganda kwa masizi.