Uyoga mdogo mweupe? Upindue kwanza

Nilipoanza kupenda uyoga, simu yangu ilijaa picha zisizo na kazi. Zote nilizipiga kwa juu. Uyoga mkubwa unaweza kukupa fununu ukiutazama hivyo, lakini wenye kofia ya milimita 8 haukupi kitu. Vijiuyoga vyeupe vinavyoota kwenye vijiti vilivyooza ni vingi, na kwa juu vinafanana kama pacha.

Ulionitoa ushamba ni Marasmius rotula. Kwa muda mrefu niliuita Mycena, kundi jingine la vijiuyoga, kwa sababu tu ni mdogo na kofia yake ni kama kengele. Siku nilipochuchumaa na lenzi, nikaupindua, niliona aibu.

Kofia yake ina mikunjo kama sketi ya marinda, na katikati imebonyea kama kitovu chenye doa la kahawia. Mara nyingi haifiki upana wa sentimita 2. Shina ni jembamba kama waya, jeusi linalong'aa, ila karibu na kofia linageuka kuwa jeupe. Lakini utamu wote uko chini ya kofia. Yale matamvua membamba ambayo kila mtu huyaona chini ya uyoga, hapa ni machache, yameachana, na hayagusi shina kabisa. Yote yanaishia kwenye kipete kinacholizunguka shina, mfano wa spoku zinavyoingia kwenye habu ya baiskeli. Rotula ni Kilatini, maana yake gurudumu dogo. Jina lilikuwa linanipa jibu muda wote ule, nami nikapiga picha za juu.

Aliyelitoa jina hilo ni mwanasayansi wa mimea Giovanni Antonio Scopoli, mwaka 1772, ila yeye aliuweka kwenye Agaricus. Enzi hizo Agaricus lilikuwa kapu tu: karibu kila uyoga wenye matamvua ulitumbukizwa humo. Elias Fries, mtaalamu wa uyoga kutoka Sweden, akauhamishia jenasi ya Marasmius mwaka 1838, na leo ndio spishi kielelezo ya jenasi hiyo, yaani ile ambayo jina la jenasi limefungwa kwayo, katika familia ya Marasmiaceae, oda ya Agaricales. Fries alishikilia tabia moja ambayo hata wewe unaweza kuijaribu mezani: uyoga huu haufi kwa kukauka. Unasinyaa hadi unakuwa kama uchafu kwenye kijiti, mvua ikinyesha unajikunjua na kuendelea kumwaga spora, yaani chembe zake za uzazi. Mycena ikinyauka ndiyo basi tena. Mimi nilikuwa na kijiti kilichokaa wiki nzima kwenye bahasha. Nikakilaza kwenye sahani yenye maji kidogo, na baada ya dakika chache marinda yakarudi yote.

Ila usiutegemee mtihani wa maji peke yake. Kuna uyoga uliokaa miaka mingi ndani ya Marasmius kwa jina la androsaceus, nao hufufuka vilevile, una shina jeusi kama singa ya farasi. Uchunguzi wa vinasaba ulikuja kuutoa humo, sasa unaitwa Gymnopus androsaceus. Ukiupindua utaona tofauti mara moja: kofia inaelekea kahawia, na matamvua yanashika shina moja kwa moja, hakuna kipete.

Marasmius capillaris ndiyo iliyonisumbua zaidi, maana yenyewe ina kipete. Hiyo huota juu ya majani makavu ya mwaloni, wakati rotula hupenda vijiti, mizizi na mbao zilizooza. Kwa hiyo usiunyofoe. Chukua na kijiti chake au jani lake. Nina kopo zima la vijiuyoga nilivyovinyofoa kwa uangalifu mkubwa, na hadi leo sijui vilitoka juu ya nini.

Kuhusu kuula, hata usiwaze. Hauna nyama ya kujaza kijiko, na uyoga usioujua kwa uhakika hauonjwi.

Jambo dogo la mwisho, kwa anayetaka kuchukua alama ya spora. Laza kofia kwenye kioo, funika na kikombe, acha usiku kucha. Spora zake ni nyeupe. Mimi nilitumia karatasi nyeupe, nikatupa tatu nikidhani hazijatoa kitu.