Pikapu ya brijini inalia kwa mbali? Usinunue nyingine kabla hujapima

Mkuu, nimekusoma. Gitaa lako ni la mfano wa Stratocaster (la umeme, lenye pikapu tatu), la mtumba. Pikapu ya shingoni na ya kati zinalia vizuri, ila ukisukuma swichi kwenda ya brijini (iliyo karibu na briji, kile kitako kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) sauti inanyong'onyea, inabaki ting ting tu. Fundi kakwambia imekufa, lete hela tufunge mpya. Huenda yuko sahihi, lakini hela ya namna hiyo mimi nilishawahi kuitoa bure.

(Kwa waliopotea njia wakaingia humu: si pikapu ya kubebea mchanga. Ni kile kidude chenye sumaku na koili kinachokaa chini ya nyuzi.)

Mimi napiga rithimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Kuna kipindi tulikuwa na kazi kwenye baa iliyo karibu kabisa na bahari, na gitaa nilikuwa naliacha hukohuko. Pikapu ya brijini ikaanza kufifia. Nikakimbilia Kariakoo, nikanunua nyingine, nikaifunga mwenyewe usiku kwa mbwembwe zote. Nawasha amplifaya: sauti ileile. Nilikaa nikalitazama lile gitaa kama mtu aliyetapeliwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye swichi. Vile vibati vyake vya kugusana vilikuwa vimeota ukungu wa kijani kwa chumvi na jasho, umeme mdogo wa pikapu unapita kwa kubahatisha. Nikapuliza dawa ya kusafishia swichi, nikaivuta huku na huku kama mara hamsini, gitaa likarudi. Pikapu ya zamani nilikuwa nimeshaigawa.

Kwa hiyo anza na mita ya kupimia umeme. Ile ya njano ya bei poa inatosha. Huna haja ya kufungua hata skrubu moja: chomeka kebo kwenye gitaa, upande wa pili usichomeke popote. Volyumu fungua hadi mwisho, swichi weka brijini. Mita iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), skeli ya 20k. Ncha moja gusisha kwenye kichwa cha jeki ya kebo, nyingine kwenye shina lake. Usishike ncha zote mbili kwa vidole, mwili wako nao utaingia kwenye hesabu.

Pikapu ya koili moja ya gitaa kama lako kwa kawaida inasoma kati ya 5.5 na 7, yaani omu elfu tano na nusu hadi elfu saba. Hambaka, yaani pikapu za koili mbili, za kawaida ni 7 hadi 9, na zile zilizozungushwa waya mwingi hupita hapo. Usibabaike ukikuta yako imezidi kidogo namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda. Chumba cha nyuzi 31 kitakupa karibu asilimia nne zaidi ya chumba cha nyuzi 20. Pima na zile mbili nzima pia, upate cha kulinganisha. Ila swichi, yenye nafasi tano, isiwe kwenye nafasi ya pili au ya nne. Hapo pikapu mbili zinasoma kwa pamoja, utaona kama 3 na utapiga kelele bure.

Namba ikicheza, mara 6, mara 15, mara inapotea, mtuhumiwa ni swichi au lehemu iliyopasuka, kama ilivyokuwa kwangu. Hapo ndipo unafungua kava na kupima kwenye miguu ya pikapu yenyewe. Miguuni ikitulia kwenye 6 na kwenye kebo inarukaruka, pikapu haina kosa.

Mita ikikuandikia "1" peke yake pembeni, panda hadi skeli ya 2000k. Ukikuta kama 250, hiyo siyo pikapu unayoipima, ni ukinzani wa kidude cha volyumu chenyewe. Koili imekatika, au swichi haigusi kabisa; hakikisha kwa kupima kwenye miguu ya pikapu. Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, maana koili iliyokatika si lazima inyamaze kabisa. Inaweza kuendelea kutoa kisauti chembamba, hakina besi, kama redio iliyofunikwa na mto. Maelezo yako ya "ting ting" yananipeleka huko zaidi kuliko kwenye swichi.

Iliwahi kunitokea kwenye gitaa la mwanakwaya mmoja. Waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, kama milimita 0.06, na umezungushwa karibu mara elfu nane. Miisho yake miwili inalehemiwa chini ya pikapu, kwenye vitundu viwili, na pale ndipo jasho hupenda kuula. Niliweka taa ya simu kwa ubavu, nikaona kwenye kitundu kimoja tone la kijani na kaunywele kamesimama hewani. Bahati yake ulikuwa mwisho wa nje. Nikafungua mzunguko mmoja kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu, nikasugua vanishi inayofunika waya kwa msasa laini (pumzi nimeibana), nikagusisha chuma cha kulehemu kwa sekunde moja. Ikasoma 5.9. Ungekuwa umekatikia mwisho wa ndani, ule ulioanzia chini ya mizunguko yote, isingewezekana, ni kuzungusha upya au kununua.

Sasa, namba inaweza kuwa nzuri kabisa na sauti bado ni dhaifu. Magitaa mengi ya bei nafuu, vile vinundu sita vya juu ya pikapu, kimoja chini ya kila uzi, siyo sumaku, ni chuma tu. Sumaku ni kipande kimoja cha kauri kilichobandikwa chini kwa gundi. Gundi ikiachia, sumaku inadondoka humo ndani, koili inabaki nzima lakini haina kazi. Chukua bisibisi ndogo, isogeze kwenye kinundu cha brijini kisha cha kati. Kama kati inavuta na brijini haivuti, umepata jibu bila hata mita. Mdau mmoja hapo juu kasema "omu nyingi ndiyo nguvu". Hapana, bila sumaku omu hazina kazi.

Na lingine dogo ambalo lingefaa kuwa la kwanza: urefu. Karibu na briji uzi hautikisiki sana, kwa hiyo pikapu ya pale huwa nyonge kwa asili na inatakiwa ikae juu kidogo kuliko wenzake. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na kinundu. Anzia milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyembamba, halafu amini masikio. Usiibane mpaka juu kabisa. Sumaku ikiwa karibu mno inavuta nyuzi, na hasa zile nene zinaanza kuyumba, utatyuni mpaka asubuhi.

Suala la fasi (pikapu mbili kufungwa kinyume hadi zikafutana sauti), ambalo wawili wamelitaja, halikuhusu. Hilo huonekana pikapu mbili zikiwashwa pamoja. Yako ni dhaifu ikiwa peke yake.

Kesho ukipata mita, rudi na namba ya kwenye kebo kwa kila pikapu, na uniambie kama bisibisi imevuta. Ukikuta "1", piga picha ya vile vitundu viwili vya chini kabla hujagusa chochote, kaunywele kale kakikatikia kwenye mzizi hakarudi.